Kupima Ubora wa Mikate Midogo ya Nyama Iliyopakwa Asali ya Katavi

Mkate mdogo wa nyama ni nyama ya kusaga iliyokandwa na kitunguu, yai na mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ikafinyangwa mkate mmoja kwa kila mlaji, ikaokwa na kupakwa asali. Ni ndugu wa kababu ya pwani, ila haukaangwi. Mkoa wa Katavi una vyote viwili vinavyoupa sifa: nyama ya ng'ombe wa wafugaji, na asali ya misitu ya miombo, hasa ya Inyonga wilayani Mlele.

Ng'ombe anayetembea mbali kufuata malisho huwa na nyama ya ladha nzito na mafuta haba. Nyama ya bega peke yake hutoa mkate mkavu. Ichanganywe na kidari hadi mafuta yafikie kama sehemu moja ya tano. Mafuta yenye umanjano si dosari. Rangi hiyo hutokana na majani mabichi.

Mkono wa mpishi huonekana kwenye ukandaji. Chumvi ikitangulia na nyama ikakandwa sana, protini zake hunatana na mkate hudunda mdomoni kama soseji. Chumvi itiwe mwishoni, na kukanda kukome mara nyama inaposhikana. Mkate wa gramu 150 hivi unatosha mtu mmoja.

Asali ndiyo inayochaguliwa vibaya mara nyingi. Inayofaa ni nzito, yenye maji yasiyozidi asilimia 20, kwa kuwa ile nyepesi huchuruzika na kuungulia chini ya sufuria. Harufu hafifu ya moshi huafikiana na nyama. Moshi mkali ni alama ya urinaji wa pupa, na hakuna kiungo kinachoufunika. Asali kuganda si dalili ya kuchakachuliwa. Ipashwe taratibu ndani ya maji ya uvuguvugu. Jaribio la kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, linaloaminiwa sana sokoni, halithibitishi usafi: sharubati nzito ya sukari nayo hulifaulu. Ulimi unaoijua asali ya miombo ni shahidi bora. Rojo ya ukwaju iongezwe, kwani utamu usio na uchachu huchosha baada ya matonge mawili.

Pasipo na oveni, mikate huokwa kwa kupalia makaa: machache chini ya sufuria, mengi juu ya mfuniko. Asali ikipakwa mwanzoni hugeuka nyeusi na chungu. Hupakwa dakika kumi za mwisho, mara mbili, kila mara tabaka jembamba. Katikati ya mkate joto lifike nyuzi 71 za Selsiasi, maana kusaga huwa kumekwisha kuvisambaza ndani vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama. Rangi ya nyama hudanganya, kipimajoto hakidanganyi.

Mkate hukatwa baada ya kupumzika dakika tano. Ulio bora hung'aa rangi ya kahawia iliyoiva, na asali hunata kwenye nyama badala ya kutuama sahanini. Kisu hupita bila kuumomonyoa, na ndani huonekana chembechembe zenye unyevu. Nyufa pana juu huonyesha moto uliozidi. Kipimo cha mwisho ni tonge lenyewe: nyama ihisiwe kwanza, asali ifuate. Utamu ukitangulia, asali imezidi, hata kama mkate unapendeza machoni.