Mpaka wa Parasha kama Tendo la Uhakiki: Yuda na Yusufu katika Usomaji wa Torati

Wahakiki wengi huuchukulia mgawanyo wa matini kuwa kazi ya mpiga chapa, jambo lisilohusu maana. Tahakiki hii inapinga mtazamo huo kwa kuuchunguza usomaji wa Torati katika mapokeo ya Kiyahudi. Vitabu vitano vya Musa vimegawanywa katika mafungu 54, kila moja likiitwa parasha, yanayosomwa katika sinagogi Sabato baada ya Sabato hadi mwaka ukamilike. Msomaji anayezijua juzuu 30 za Kurani asizilinganishe haraka: juzuu hukaribiana kwa urefu, ilhali parasha ya Naso ina aya 176 na ya Vayelekhi 30 tu.

Tuchukue Mwanzo 44. Kikombe cha fedha kimeonekana katika gunia la Benyamini. Yusufu, ambaye nduguze hawajamtambua, anatoa hukumu katika aya ya 17: aliyepatikana nacho atakuwa mtumwa, wengine warudi kwa baba yao. Hapo parasha ya Miketsi inakoma. Yuda anaanza kusema katika aya ya 18, nayo ni mwanzo wa parasha nyingine. Mgawanyo wa sura, ulioenea katika Biblia za Kikristo kuanzia karne ya 13, haukati hapo. Unamwacha Yuda amalize, kisha sura ya 45 inafunguliwa kwa Yusufu aliyeshindwa kujizuia.

Tofauti hii si ndogo. Kwa anayefuata sura, kilio cha Yusufu ni mwanzo mpya na Yusufu ndiye kiini. Kwa anayefuata parasha, mlango wa tukio ni Yuda. Hata jina la fungu, Vayigashi, ni kitenzi chake, yaani akakaribia. Ndiye aliyeshauri, katika sura ya 37, Yusufu auzwe. Isitoshe, alasiri ya Sabato ya Miketsi husomwa kionjo cha fungu linalofuata, nacho huishia aya ya 30. Hadhira inamsikia Yuda akieleza huzuni ya babaye. Haijamsikia, katika aya ya 33, akijitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Sabato inayofuata, somo la pili kati ya masomo saba huanzia 44:31 na kupita moja kwa moja hadi 45:7. Kujitoa kwa Yuda na kujitambulisha kwa Yusufu vinakuwa pumzi moja. Mpaka wa sura umefutwa.

Huenda ikasemwa kwamba hakuna taharuki hapa, kwani hadhira iliisikia hadithi hii mwaka jana. Ni kweli, ikiwa taharuki ni kutojua kitakachotokea. Lakini anayejua mwisho hubakiwa na swali gumu zaidi: kwa nini Yusufu anashindwa kujizuia sasa, si mapema? Nehama Leibowitz (1905–1997) aliyatumia maswali ya namna hiyo kama mbinu. Kuanzia 1942 alitunga karatasi ya maswali kwa kila parasha na kuyasahihisha majibu ya wanafunzi kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi zenyewe hazikuwa na majibu, jambo ambalo miongozo yetu ya riwaya haiwezi kulivumilia.