Kielezi "reliably" katika Ikisiri za Kiingereza za Tasnifu za Kiswahili: Uhakiki wa Dai na Ushahidi

1.0 Utangulizi

Tasnifu ya Kiswahili mara nyingi hubeba ikisiri mbili, moja ya Kiswahili na nyingine ya Kiingereza. Ikisiri ya Kiingereza ndiyo mlango wa msomaji wa nje. Mtafiti asiyejua Kiswahili huisoma hiyo peke yake, kisha hujenga hoja zake juu ya yale aliyoyakuta humo. Hata hivyo, ikisiri hiyo aghalabu huandikwa mwishoni, kazi ikiwa imekwisha, kwa kuhamisha sentensi za Kiswahili moja baada ya nyingine. Katika uhamishaji huo ndipo kielezi cha Kiingereza "reliably" hupenya mahali pasipokihitaji.

Makala haya yanahakiki matumizi ya kielezi hicho. Hoja kuu ni kwamba kosa linalotokea si la sarufi. Sentensi huwa sahihi kisarufi, lakini hudai jambo ambalo utafiti haukulifanya.

2.0 Asili ya Neno na Mgogoro Wake

Kitenzi "rely" kiliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga. Kivumishi "reliable" kilikuwa kimekwisha kuandikwa huko Scotland katika karne ya 16, lakini kilienea zaidi katika karne ya 19, na hapo ndipo kilipopigwa vita. Henry Alford nchini Uingereza mwaka 1864, na Richard Grant White nchini Marekani mwaka 1870, ni miongoni mwa waliokitilia shaka. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba kitenzi chenyewe hakisimami bila kihusishi "on", ilhali kivumishi kimekiacha kihusishi hicho njiani. Mwaka 1877 Fitzedward Hall alichapisha kitabu kizima kuhusu vivumishi vya aina hiyo, akikitetea hasa hiki. Utetezi wa namna hiyo una nguvu, kwani Kiingereza kina maneno mengine yaliyoundwa vivyo hivyo bila kulalamikiwa. Mfano ni "laughable", ambalo nalo limedondosha kihusishi cha kitenzi chake.

Kiswahili hakikupata kuwa na mgogoro huo. Kitenzi "tegemea" hupokea yambwa yake moja kwa moja, na kauli ya kutendeka huzaa "tegemeka" bila kudondosha chochote. Ugumu wa Kiswahili uko kwingine, yaani katika kielezi. Kiswahili hakina kiambishi kimoja kinachogeuza kila kivumishi kuwa kielezi kama Kiingereza kinavyofanya kwa "-ly". Mwandishi hulazimika kuunda kirai, na kila kirai huja na maana yake: "kwa uhakika", "kwa uthabiti", "kwa njia ya kuaminika", "kila mara bila kukosa". Virai hivi vinne havilingani, lakini katika ikisiri nyingi vyote vinaweza kuishia katika neno moja la Kiingereza.

3.0 Maana Mbili za Kielezi

Katika Kiingereza sanifu cha maandishi, "reliably" kina maana mbili za kutofautishwa. Ya kwanza ni ya urudiaji: jambo hutokea vilevile kila linapojaribiwa. Mizani ya dukani inayozidisha gramu 50 kila inapopima sukari inatenda "reliably", ingawa inamdhulumu mnunuzi. Kwa hiyo kielezi hiki hakimaanishi "kwa usahihi". Usahihi ni swali la iwapo kipimo kinalingana na ukweli. Uthabiti ni swali la iwapo kipimo kinalingana na chenyewe. Kinyume chake, jambo lililotokea mara moja tu, hata likiwa kweli tupu, halijapata sifa hii.

Maana ya pili ni ya chanzo. Mwingereza anaposema amekuwa "reliably informed", hasemi kwamba aliarifiwa mara nyingi, bali kwamba aliyemwarifu ni mtu wa kuaminika. Kiswahili cha magazeti kina kirai chake kinachofanana na hicho: habari "kutoka duru za kuaminika". Matumizi haya yana kazi yake katika uandishi wa habari, ambako chanzo huenda kikahitaji kufichwa. Katika tasnifu, msomaji anastahili kuelezwa chanzo ni cha aina gani na kilipatikanaje, hata jina la mhojiwa linapohifadhiwa kwa sababu za kimaadili. Hivyo basi, maana hii haina nafasi kubwa katika maandishi ya kitaaluma.

4.0 Njia ya Kosa

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mtafiti amewahoji wazee 12 kuhusu misamiati ya uvuvi, kila mmoja mara moja. Katika Kiswahili anaandika: "Matokeo yanaonesha kwa uhakika kwamba wazee hutofautisha istilahi hizi mbili." Sentensi hiyo inakubalika, kwa sababu "kwa uhakika" hueleza imani ya mtafiti katika alichokiona. Ikihamishwa kuwa "The findings show that elders reliably distinguish the two terms", imani ya mtafiti imegeuzwa kuwa tabia ya wazee. Msomaji wa nje ataelewa kwamba kila mzee alijaribiwa zaidi ya mara moja na akatoa jibu lilelile, jambo ambalo halikufanyika.

Mfano wa pili ni sentensi inayosema kwamba data "were reliably collected". Hapa mtafiti hukusudia kusema kwamba mbinu zake ni za kuaminika. Lakini kitendo cha kukusanya kilifanyika mara moja, na kielezi hakiwezi kukithibitisha. Kinachosaidia ni kutaja kilichofanyika. Ikiwa watu wawili waliainisha data zilezile kila mmoja peke yake, isemwe hivyo, na kiwango cha makubaliano yao kitolewe, kwa mfano kwa kipimo cha kapa alichokipendekeza Jacob Cohen mwaka 1960. Ikiwa hojaji ilipimwa kwa alfa ya Cronbach, iliyopewa jina la Lee Cronbach aliyeandika kuihusu mwaka 1951, isemwe pia. Ikumbukwe kwamba alfa huonesha namna vipengele vya hojaji vinavyooana, wala haioneshi kwamba majibu ni ya kweli.

Aidha, tasnifu nyingi za fasihi na isimujamii ni za kitaamuli, na kwazo kipimo cha urudiaji huenda kisifae kabisa. Yvonna Lincoln na Egon Guba, katika kazi yao ya mwaka 1985, walipendekeza vigezo vingine kwa utafiti wa aina hiyo, kikiwamo cha kutegemeka. Kigezo hicho huthibitishwa kwa kumbukumbu: rekodi za sauti, madondoo ya uwandani na maelezo ya namna kila uamuzi ulivyofikiwa. Mwenye kumbukumbu hizo anazo za kuonesha, na hana haja ya kielezi.

5.0 Matumizi Yanayofaa

Haina maana kwamba neno hili liepukwe daima. Sentensi "Swahili stress reliably falls on the penultimate syllable" ni nzuri. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho katika maneno mengi mno, na mtu yeyote anaweza kurudia jaribio hilo. Maneno machache ya mkopo, kama "lazima" ambalo wasemaji wengi hulitamka kwa mkazo mwanzoni, hayaivunji sentensi hiyo, kwani "reliably" si sawa na "always". Kuhusu nafasi, kielezi hukaa vizuri kabla ya kitenzi kikuu kama hapo juu, au baada ya kitenzi kisaidizi, kama katika "can reliably predict". Kikiwekwa mwanzoni mwa sentensi, husomeka kama maoni ya mwandishi na hupoteza uhusiano wake na kitendo.

Jambo lililojitokeza katika vyanzo vyote vya utafiti mmoja linaweza kuelezwa kwa "consistently". Lililo bayana katika data linatoshwa na "clearly". Na mara nyingi kitenzi "show" kinajitosheleza.

6.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba hili ni suala dogo, kwa kuwa mtahini anayejua Kiswahili atasoma sura ya matokeo na kuona kilichofanyika. Dai hilo lina ukweli kwa mtahini, ila halimhusu msomaji wa nje. Yeye hawezi kuifungua sura hiyo. Lahaja au jamii iliyochunguzwa huenda isiwe na maandishi mengine anayoweza kuyasoma, na kielezi kimoja katika ikisiri kikawa ndicho ushahidi wake wote. Kabla ya kuandika "reliably", mtafiti anapaswa kujiuliza ni kitu gani kilichorudiwa, kilirudiwa mara ngapi, na ni katika ukurasa upi wa tasnifu jambo hilo limeelezwa. Akikosa jibu la swali lolote kati ya hayo, neno hilo liondolewe, na sentensi ibaki na kile tu ambacho utafiti ulikiona.