Zima Sauti Umtazame: Kumpima Mwigizaji Aliyeanza Utotoni

Watazamaji wa Moding na Malaba wana bahati ambayo wapenzi wengi wa filamu hawana. Upande huu wa mpaka, Kenya, filamu ya mapigano kwenye kibanda cha video husimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro. Ukivuka kuingia Uganda, filamu ileile unaisikia kwa Kiganda cha VJ Jingo. Kote kuwili maneno ya mwigizaji mwenyewe yamefunikwa. Unabaki na macho yake, mabega yake, jinsi miguu inavyokanyaga. Aliyekulia kwenye mabenchi ya vibanda hivyo amezoea, pengine bila kujua, kumpima mwigizaji pasipo sauti. Kipimo hicho ndicho ninachokiamini kuliko vyote kwa waigizaji watoto, na kwa watu wazima waliowahi kuwa watoto mbele ya kamera.

Mtoto husifiwa upesi mno. Ana sura ya kupendeza, amekariri maneno yote, akiambiwa lia analia, na ukumbi mzima unasema amezaliwa na kipaji. Subiri kidogo. Mtazame wakati mwenzake anaongea. Mtoto aliyekariri tu husubiri zamu yake: macho yanatulia pasipo na kitu, pumzi inavutwa mapema, na mara nyingine midomo inacheza kidogo ikifuata maneno ya mwenzake, maana aliyashika pamoja na yake. Mtoto mwigizaji husikia neno kana kwamba halijawahi kusemwa. Uso unabadilika katikati ya sentensi ya mwenzake, pale habari inapomfikia, hata kabla sentensi haijaisha.

Ukitaka mfano safi, tafuta The Kitchen Toto ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Harry Hook. Edwin Mahinda anacheza Mwangi, mvulana wa Kikuyu ambaye baba yake mchungaji ameuawa na Mau Mau, naye anapelekwa kufanya kazi ya jikoni nyumbani kwa afisa wa polisi Mwingereza, mwaka 1950. Nafasi ile ni ngumu hata kwa mtu mzima. Mtumishi mdogo haulizwi maoni. Anasimama na sinia mikononi huku wakubwa wakizungumza juu ya watu wake kana kwamba hayupo. Filamu nzima inapitia kwenye uso wake, na Mahinda hauchezeshi uso huo kupita kiasi. Anaacha tuone kwamba amesikia, kisha anaficha kwamba amesikia. Hivyo ni vitendo viwili, kimoja juu ya kingine, na mwigizaji anayeviweza akiwa mdogo ameshaushika ufundi wenyewe.

Baada ya uso, tazama mikono. Katika Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016, Madina Nalwanga anacheza Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyepanda hadi mashindano ya kimataifa ya sataranji. Nalwanga alipatikana kwenye darasa la ngoma jijini Kampala, na inaonekana: mwili wake unajua kungoja. Mwanzoni Phiona anashika kete kama mtu anayeogopa kuvunja kitu cha wenyewe. Kadiri hadithi inavyosonga mkono unakuwa mwepesi, kisha unakuwa na kiburi kidogo, na hakuna mtu aliyelazimika kututangazia kwamba msichana amekua. Pembeni yake yupo Nikita Waligwa, Gloria mdogo, anayemweleza mkubwa wake kwamba kete ndogo kabisa ikivuka ubao hugeuka malkia. Anafundisha kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, bila kuitazama kamera hata mara moja kuomba sifa. Waligwa alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 15, kwa uvimbe wa ubongo. Hatukupata kuiona kazi yake ya utu uzima, lakini ile dakika yake ubaoni inatosha kuonyeshwa kwa kila mtoto anayetaka kuigiza.

Neno kwa walimu wetu wa drama. Tamasha la kitaifa la shule limewalea watoto wengi wa kaunti ya Busia, nami nalithamini sana. Ila ukumbini mtoto hufundishwa kutuma sauti mpaka kiti cha nyuma, kuinua mikono juu, kutumbua macho ili jaji aone. Kamera iko umbali wa mkono. Ishara iliyomletea alama ukumbini inakuwa kelele kwenye skrini. Sasa kwa kuwa tamasha lina kitengo cha filamu pia, waamuzi wanapaswa kupima vitu viwili tofauti, na mtoto afundishwe mapema kwamba kupunguza ni kazi, tena ni kazi ngumu kuliko kuongeza.

Stycie Waweru aliionyesha kazi hiyo katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, mwaka 2018. Anacheza Jo, msichana mgonjwa asiye na muda mrefu wa kuishi, anayependa filamu za mapigano na kuota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Jirani zake wanajiunga kuifanya ndoto ionekane ya kweli. (Yumo pia mwenye ukumbi wa video anayesimulia filamu, na watu wa Malaba watamtambua mara moja.) Mtego wa nafasi kama hii ni huruma. Mtoto mgonjwa akiomba kuhurumiwa, mtazamaji hulia mara moja kisha huchoka. Waweru haombi. Jo wake ana shughuli nyingi, ana ukaidi, ana hasira za mtoto anayefichwa mambo, na ugonjwa unakuwa kitu kinachomkatiza akiwa katikati ya jambo. Weka alama hapo: mwigizaji mzuri wa umri wowote anacheza kile anachokitaka mhusika, na huzuni inakuja yenyewe.

Sasa tuje kwenye kupima maisha marefu ya kazi, ambako watu wengi huchanganya mambo. Kuna televisheni na kuna filamu. Filamu humpata mtoto kwa wiki kadhaa ikamwachia. Kipindi cha televisheni hukaa naye miaka, kikamrekodi anavyorefuka na sauti inavyokuwa nzito. Wakenya walikua pamoja na watoto wa Machachari kwenye Citizen TV: Baha, Govi, Almasi, Stella. Kamau Mbaya mpaka leo huitwa Baha barabarani. Jina hilo ni heshima na pia ni mzigo, maana mtazamaji aliyekuzoea na kaptula hataki uvae suruali. Faida ya televisheni ni kwamba mtoto hujifunza kufika kazini kila siku, awe na hamu au asiwe nayo. Hasara yake ni kurudia. Kicheko kilichopendwa mwaka wa kwanza kinaombwa tena mwaka wa nne, na mwigizaji anaanza kujiiga. Ukitaka kujua kama amepona, linganisha kipindi cha mwanzo na cha mwisho: je, mhusika anashangazwa na vitu vilevile kwa namna ileile?

Tanzania ina kisa kinachofundisha zaidi. Elizabeth Michael, tunayemwita Lulu, alianza akiwa mtoto mdogo katika kikundi cha Kaole, ambacho michezo yake ilionyeshwa ITV. Akapita kwenye soko la filamu za Bongo, akatoa Foolish Age mwaka 2013, na mwaka 2016 filamu ya Mapenzi ikampa tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwenye AMVCA huko Lagos. Misukosuko ya maisha yake ilijaza magazeti tangu 2012, nayo mwongozo huu hauipimi. Kinachopimwa ni kwamba alitoka kuwa kasichana kanakopendwa akawa mwanamke anayebeba filamu, na alifanya hivyo katika soko lenye haraka, ambako mwigizaji hupewa muda mchache wa kujiandaa. Tazama kazi zake za baadaye sauti ikiwa imezimwa. Anajua kukaa kimya mwenzake akimlaumu. Hilo halitokani na umaarufu, linatokana na miaka mingi ya kutazamana na waigizaji waliomzidi umri.

Kazi ya utotoni hupimwa pia nje ya skrini. Jackie Coogan, mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid mwaka 1921, aliingiza mamilioni ya dola, na alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia. Alikwenda mahakamani mwaka 1938. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria inayobeba jina lake, na siku hizi asilimia 15 ya mapato ya mtoto huwekwa akiba mpaka akue. 

Kwetu hapa, mtayarishaji akija Moding au Angurai kutafuta watoto kwa usaili, mzazi aulize kabla ya kusaini: fedha zitalipwa kwa akaunti ya nani, mtoto atapigwa picha saa ngapi mpaka saa ngapi, na siku za shule zitafidiwaje. Mtayarishaji mzuri huwa na majibu tayari. Aulize pia ni nani atakayesimama mbele ya mtoto kwenye onyesho la kwanza, kwa sababu mtoto hujifunza kusikiliza akipata mtu wa kumsikiliza.