Mada ya Tisa ya Kidato cha Nne

Silabasi ya jiografia iliyotolewa mwaka 2002 na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo leo ni KICD, inaelekea kaburini. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 2027, na baada ya hapo watakuja wa kuisifu kama marehemu. Kabla hawajafika, kuna uamuzi mmoja ndani yake unaopaswa kuwekwa mezani, kwa kuwa ulikuwa kosa tangu siku ulipoandikwa. Ni ule wa kuifanya mada ya makazi na ukuaji wa miji kuwa ya tisa kati ya mada kumi za Kidato cha Nne. Mwalimu yeyote wa Buruburu, Kayole au Eastleigh hapa Nairobi aliyewahi kuandaa maazimio ya kazi anaujua msururu huo kwa kichwa: urejeshaji wa ardhi, uvuvi, wanyamapori na utalii, nishati, viwanda, uchukuzi na mawasiliano, biashara, idadi ya watu, ndipo makazi yapate zamu, kisha utunzaji wa mazingira ufunge. Mwanafunzi aliyezaliwa na kukulia katika mji mkubwa kuliko yote nchini anaelezwa mji ni nini akiwa amebakisha wiki chache aage shule. Nairobi imeingizwa katika somo kama mgeni anayekaribishwa wakati vyombo vinaoshwa.

Tazama kilichotangulizwa. Kidato cha Kwanza kina dunia na mfumo wa jua, hali ya hewa, madini na miamba, uchimbaji madini. Cha Pili kinaingia ndani ya ardhi: mikunjo, mipasuko, volkano, matetemeko, kisha tabianchi, uoto na misitu. Cha Tatu ni kazi ya mito, maziwa, bahari, upepo, maji ya chini ya ardhi na barafu, halafu udongo na kilimo. Kwa miaka mitatu binadamu anaonekana akichimba, akikata mti au akilima. Hajengi, hapangi chumba, hapandi matatu, hahami kutoka kijijini. Mambo hayo yote yamesubirishwa mwaka wa nne, na katika mwaka huo wa nne yakawekwa nyuma ya samaki wa Japani na utalii wa Uswisi.

Na hapo bado hatujafika penye uchungu. Katika shule nyingi, jiografia husomwa na wote Kidato cha Kwanza na cha Pili, kisha mwanafunzi anachagua masomo atakayoendelea nayo hadi KCSE. Wale wanaochagua historia au dini wanaagana na jiografia hapo. Hebu piga hesabu ya walichobeba: wanajua dhahabu ya Afrika Kusini, wanajua misitu ya Kanada ikilinganishwa na ya Kenya, wanaweza kuchora volkano na kuiwekea majina. Hawajafundishwa neno moja kuhusu kwa nini Makongeni iko karibu na reli, wala kwa nini nyumba za Kaloleni zina nafasi ya uwanja ilhali zile za Pipeline zinakosa hata nafasi ya jua. Kwa wanafunzi hao makazi hayakuwekwa mwisho wa silabasi. Yaliwekwa nje yake. Mpangaji wa mtaala wa miaka mingi hana kazi kubwa kuliko kujiuliza nani atashuka njiani, na atashuka akiwa na nini mkononi. Waandishi wa 2002 walijua kituo cha kushukia kiko mwisho wa Kidato cha Pili. Walipanga kana kwamba kila abiria anafika mwisho wa safari.

Wanaobaki nao hawapati nafuu kubwa. Mada ya tisa inaangukia baina ya mitihani ya mwigo na KCSE yenyewe, wakati mwalimu anakimbiza marudio ya kazi ya ramani. Mji unafundishwa kwa orodha: msongamano wa magari, uhalifu, uhaba wa maji, ukosefu wa ajira, mitaa ya mabanda. Kijana wa Mukuru anaukuta mtaa wake umeandikwa kama tatizo la tano katika hoja za kukariri, naye anauandika hivyo hivyo apate alama. Halafu analinganisha New York na Nairobi, bandari iliyo kwenye mdomo wa mto Hudson na mji uliozaliwa kwa sababu reli ilihitaji pa kupumzikia. Kwa nini isiwe Kampala, au Dar es Salaam, ambazo tunagawana nazo historia na matatizo? Ugonjwa ni ule ule uliotuletea Uswidi katika idadi ya watu na Ruhr katika viwanda. Nimeilalamikia Ruhr mara nyingi na sitaacha: Ujerumani ilifunga mgodi wake wa mwisho wa makaa ya mawe magumu Desemba 2018, pale Bottrop, na watoto wetu wakaendelea kukariri makaa hayo kama sababu ya viwanda vya chuma kuwa pale.

Upande wa sifa, kuanza hali ya hewa mapema ni sahihi na kuwaingiza mafundi wa jua kali katika mada ya viwanda lilikuwa jambo la maana. Tuendelee.

Watetezi wa mpangilio huu wana hoja moja nzito, nayo haifai kupuuzwa. Wanasema mji ni mada ya kukusanya: huwezi kuueleza bila uchukuzi, viwanda, biashara na idadi ya watu, kwa hiyo lazima hizo zitangulie. Kwa mantiki ya taaluma wako sawa. Lakini mpangilio wa taaluma iliyokwisha kukomaa na mpangilio wa kumfundisha mtoto wa miaka kumi na minne ni vitu viwili, na ushahidi kwamba waandishi wenyewe walilijua hilo umo ndani ya silabasi yao. Mbinu za takwimu zipo Kidato cha Kwanza, zinarudi cha Pili, zinarudi cha Tatu, kila mara zikiongezwa uzito. Kazi ya ramani vivyo hivyo. Hakuna aliyesema tusubiri Kidato cha Nne mtoto aive ndipo tumwonyeshe mizani ya ramani. Walijua kuzungusha mada, kuigusa kidogo na kuirudia kwa kina, wakaamua stadi zistahili heshima hiyo na mji usistahili.

Matokeo yake ni kichekesho kinachoonekana wazi kwenye ramani za 1:50,000. Katika Kidato cha Tatu mwanafunzi anatakiwa kusoma shughuli za binadamu kwenye ramani, pamoja na kueleza jinsi makazi yalivyotawanyika: yaliyosongamana, yaliyofuata barabara, yaliyosambaa. Anajifunza kutoa sababu pia, kwamba penye mwinuko mkali hapana nyumba na penye kinamasi hapana nyumba. Yaani anajibu maswali ya makazi mwaka mzima kabla ya kufundishwa makazi. Anachofanya ni kukariri sentensi za kujibia, na somo lenyewe likimfikia mwakani tayari amezoea kulitendea kama fomula. Mtu akisema mada hii haiwezi kutangulia, ajibu kwanza kwa nini ilishatangulia, tena kwa mlango wa nyuma.

Hoja ya pili ni ya haki: silabasi ni ya taifa, si ya Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, na sensa ya 2019 ilionyesha kuwa karibu Wakenya saba kati ya kumi wanaishi mashambani. Ni kweli. Ila makazi si ghorofa pekee. Kijiji ni makazi, kituo cha soko ni makazi, boma ni makazi. Mada hii ndiyo pekee ambayo kila mtoto nchini ana mfano wake mlangoni. Mito ya barafu haina bahati hiyo. Nje ya kilele cha Mlima Kenya hakuna barafu ya kwenda kutazama katika nchi hii, na bado mito ya barafu ilipewa nafasi yake Kidato cha Tatu bila mtu kuuliza inamfaa nani. Hao saba wa mashambani, wengi wao ndio watakaoshuka kwenye kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus siku moja na begi mkononi. Wangefaidika kuujua mji kabla ya nauli.

Tulikuwa na watu waliolielewa hili. Tume ya kwanza ya elimu baada ya uhuru, ya 1964, iliongozwa na mwanajiografia, Simeon Ominde, ambaye kitabu chake cha 1968 kuhusu ardhi na uhamaji wa watu Kenya kiliyaweka mambo hayo mawili pamoja tangu jalada. Mwaka 1967 W. T. W. Morgan alihariri kitabu kizima kuhusu Nairobi na eneo linaloizunguka, ambamo miamba, hali ya hewa na watu wanasomwa kama mambo ya mahali pamoja. Francis Ojany na Reuben Ogendo wakafuata mwaka 1973, mmoja bingwa wa maumbile ya nchi, mwingine bingwa wa viwanda, wakaiandika Kenya katika kitabu kimoja. Kizazi hicho kilianza na mahali kisha kikauliza maswali yote. Silabasi ya 2002 ilianza na maswali, ikayagawanya kwa vidato, na mahali pakapotea katikati.

Kilichopotea si kidogo. Chukua ardhi kutoka Muthurwa hadi Njiru. Reli ilifika mwaka 1899 na kusimama hapa kwa kuwa uwanda ulikuwa tambarare, mahali pa kujipanga kabla ya kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa: umbo la ardhi na uchukuzi kwa pamoja. Magharibi mwa mji ardhi iko juu, mvua ni nyingi, udongo mwekundu. Mashariki inashuka, mvua inapungua, udongo ni mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na kila fundi wa Embakasi analijua hilo kabla hajachimba msingi. Utawala wa kikoloni uliwapa Wazungu upande wa juu na kuwapanga Waafrika chini, karibu na reli na viwanda: Pumwani miaka ya 1920, baadaye Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, na baada ya mpango mkuu wa 1948 zikaja Bahati, Mbotela na zile Ofafa. Miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilifadhili viwanja vya Dandora, ambapo mwenye kiwanja alikabidhiwa choo, bafu na maji, vyumba akajijengea. Umoja ikajengwa kwa fedha za Marekani. Buruburu ikapanda awamu tano kwa ajili ya tabaka la kati. Mawe ya kujengea yalitoka kwenye machimbo ya huku huku, na mengi ni majivu ya volkano yaliyoshikamana yakawa mwamba. Ukitaka msongamano wa watu, sensa ya 2019 inakupa Mathare yenye zaidi ya watu 68,000 kwa kilomita ya mraba na Marsabit yenye watu 6. Ukitaka uwanda wa mafuriko, kuna mto Mathare na mto Ngong, na kuna mafuriko ya Aprili 2024. Miamba ya Kidato cha Kwanza, volkano ya cha Pili, mito na udongo wa cha Tatu, vyote vingeweza kufundishwa vikiwa vimeshikwa na mji huu, na mada ya tisa ingekuta nusu ya kazi imekwisha.

Utaambiwa kazi ya nyanjani ilikuwepo kwa ajili hiyo. Ilikuwepo kwenye karatasi. Swali la mtihani humwambia mtahiniwa ajifanye anakusudia kufanya utafiti nyanjani, aeleze maandalizi, mbinu na shida atakazokumbana nazo, na majibu yake yanapatikana kwenye vijitabu vya marudio bila mtu kuvuka lango la shule. Swali la namna hiyo halimwadhibu aliyebaki darasani wala halimtuzi aliyetembea hadi soko la Gikomba. Ukiongeza kwamba mada iliyo rahisi kuliko zote kuitembelea kwa miguu imewekwa katika muhula ambao hakuna mwalimu mkuu atakayeruhusu kutoka, utaona kosa la mpangilio na kosa la mtihani yanavyosaidiana.

Sasa kuna mtaala mpya, na wako wanaosema mjadala huu umepitwa. Naona umezidi kuwa wa dharura. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026 na jiografia ni somo la kuchagua, makao yake yakiwa katika mkondo wa sayansi za jamii. Kituo cha kushukia kimesogea tu, kutoka mwisho wa Kidato cha Pili hadi mwisho wa Gredi ya 9, ambapo Masomo ya Jamii ya lazima yanakoma. Miaka mitatu ya shule ya upili inaweza kupangwa vizuri kupindukia na bado isimfikie kijana wa Donholm aliyechagua fizikia, atakayekuja kuwa mhandisi wa mitaro ya mtaa huo. Kwa hiyo mahali pa kuubeba mji kwa uzito ni Gredi ya 7 hadi ya 9, pamoja na ramani ya mtaa, takwimu za sensa na matembezi ya kweli kandokando ya mto, wakati darasa lote bado limo garini. Shule za sekondari msingi, zenye gredi hizo, zimo ndani ya viwanja vya shule za msingi, na katika Eastlands viwanja hivyo viko katikati ya makazi yenyewe. Safari ya nyanjani haihitaji hata basi.