Mistari Miwili Myeupe: Bendera ya Kenya Ilivyoundwa

Ukimuuliza mwanafunzi yeyote hapa Mwakirunge, Mombasa, maana ya bendera ya Kenya, atakuhesabia bila kusita: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi na rutuba yake. Nyeupe huja mwisho, kwa neno moja tu: amani. Mpangilio huo ni mzuri kwa kukariri, lakini haumwonyeshi mtu bendera ilipatikana vipi. Mistari miwili myeupe, myembamba kuliko yote kwenye kitambaa kile, ndiyo iliyoigeuza bendera ya chama ikawa bendera ya nchi. Ni hiyo hiyo pia inayoifanya ionekane vizuri kutoka mbali. Siasa na ufundi vilikutana hapo, na sisi wa Pwani tuna sababu ya pekee ya kulijua jambo hili.

Tuanze na bendera iliyotangulia. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar alikubali Waingereza wautawale ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, nao wamlipe kodi kila mwaka. Kisheria ukanda ulibaki wake, ndiyo maana nchi ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya: bara likawa koloni, pwani ikawa himaya. Mwakirunge, pamoja na Kisauni yote, ilikuwa ndani ya maili hizo kumi. Juu ya Fort Jesus ilipepea bendera nyekundu ya Sultani, kitambaa kisicho na alama yoyote, kuwakumbusha watu wa Mombasa kwamba mwenye nchi yuko Unguja.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa bendera gani itafuata hapa. Wapo waliotaka Mwambao usimame peke yake, wapo waliotaka urudi kwa Sultani, na wapo waliotaka uungane na Kenya. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 mkataba ulitiwa saini London, na Sultani akaachia madai yake. Serikali ya Kenya nayo iliahidi kulinda uhuru wa kuabudu, mahakama za kadhi na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Miezi miwili baadaye, bendera mpya ikapanda.

Rangi zake tatu hazikubuniwa mwaka huo. Zilitoka kwenye bendera ya Kenya African Union, KAU, ya miaka ya mwanzo ya 1950. Katika mkutano mkubwa wa Nyeri, Julai 1952, Jomo Kenyatta aliwaeleza watu maana yake. Nyeusi ilikuwa ya watu weusi, na kijani ilikuwa ya nchi yenye rutuba waliyopewa na Mungu. Kuhusu nyekundu alisema kitu ambacho leo wengi hawakijui: kwamba damu ya Mwafrika ina rangi ile ile ya damu ya Mzungu. Nyekundu ilikuwa hoja ya usawa. Miezi mitatu baadaye hali ya hatari ikatangazwa, na mwaka uliofuata KAU ikapigwa marufuku. Vita vya Mau Mau viliibadilisha maana ya nyekundu. Ilipofika 1963, ilikuwa damu ya waliokufa wakipigania uhuru. Rangi haikuguswa, yaliyowapata watu ndiyo yaliyoipa maana nyingine.

KANU, iliyoundwa mwaka 1960, ilizirithi rangi hizo na kuongeza alama zake, jogoo na shoka. Iliposhinda uchaguzi wa Mei 1963, Kenyatta na washirika wake walitaka bendera ya chama iwe ndiyo ya taifa. Ugumu ulikuwa hapo. KADU, chama cha upinzani kilichoongozwa na Ronald Ngala, mwana wa Pwani, kilikuwa na wafuasi wengi katika jamii zilizoogopa kumezwa na makabila makubwa, na hapa kwetu kilikuwa na nguvu. Kumwambia mfuasi wa Ngala asimame wima mbele ya jogoo wa KANU ni kumwambia kwamba uhuru si wake.

Tom Mboya na mawaziri wengine waliiona hatari hiyo. Ikaundwa kamati chini ya Dawson Mwanyumba, Waziri wa Ujenzi, Mawasiliano na Nguvu za Umeme, mwana wa Taita. Kwa hivyo upande wa upinzani aliyesimama mbele alikuwa mtu wa Pwani, na upande wa serikali aliyepewa kazi ya kutafuta suluhu alikuwa pia mtu wa Pwani.

Kamati ilifanya mabadiliko mawili. La kwanza, iliingiza mistari miwili myeupe kati ya rangi tatu, iwe ishara ya amani na umoja. La pili, iliondoa jogoo na shoka, ikaweka ngao ya Kimaasai na mikuki miwili iliyopishana. Tuyachambue moja moja.

Nyeusi, nyekundu na kijani zote ni rangi nzito. Ukiziweka zikigusana, kwa mbali mpaka wake hupotea, hasa jioni au kitambaa kikilowa mvua. Wapo pia watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatofautishi sawasawa nyekundu na kijani. Magazeti ya 1963 nayo yalichapa picha bila rangi, na rangi hizo mbili huweza kutoka kama kijivu kinachofanana. Wataalamu wa nembo wa Ulaya walishaweka kanuni tangu kale: rangi nzito isikae juu ya rangi nzito bila nyeupe au njano kuzitenga. Mwanamke wa Pwani anaijua kanuni hiyo kwa jicho, kwa sababu pindo la kanga lisipoachana na mji, kanga nzima huonekana imekorogeka. Mstari mweupe unafanya kazi hiyo. Kila rangi inabaki yenyewe, na zote tatu zinasomeka pamoja.

Majirani wanatusaidia kulipima jambo hili. Malawi ilipopata uhuru Julai 1964 ilichukua rangi zile zile, nyeusi, nyekundu na kijani, zikigusana bila kitu kati yake. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwaka huo huo, mafundi wao walikuwa na mtihani kama wetu, wa kuunganisha pande mbili bila kuuzima upande mmoja. Walikikata kitambaa kwa mstari mweusi wa mshazari, kijani cha Tanganyika huku na buluu ya Zanzibar kule, wakautia mstari huo kingo za njano. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011, bendera yake ilikuwa na mistari ya rangi kama yetu, pamoja na myeupe miwili, ikiongezewa pembetatu ya buluu na nyota.

Sasa ngao. Faida yake ya kisiasa iko wazi: haikuwa alama ya chama chochote. Faida ya kiufundi hutajwa mara chache. Bendera huonekana pande zote mbili, na upepo hauchagui. Jogoo hutazama upande mmoja; anayemwona kutoka nyuma ya kitambaa humwona amegeuka. Ngao iliyo sawa kushoto na kulia, na mikuki inayopishana katikati, hubaki vile vile mbele na nyuma. Wakati huo huo juu na chini zinatofautiana, nyeusi juu na kijani chini, kwa hivyo bendera iliyopandishwa kichwa chini hutambulika mara moja. Jogoo mwenyewe hakufukuzwa kabisa. Yuko hadi leo kwenye nembo ya taifa, ameshika shoka. Suluhu ile haikumdhalilisha aliyeshinda. Ilimhamishia mahali ambapo hakuna raia anayelazimika kumpigia saluti kila asubuhi.

Vipimo navyo vimewekwa. Jedwali la Pili la Katiba ya 2010 linaeleza mistari mitatu mikubwa iliyo sawa, ikitenganishwa na myembamba myeupe. Hesabu yake ni 6, 1, 6, 1, 6, jumla 20 kwenda chini, na 30 kwa urefu. Fundi wa cherehani anayeshona bendera ya sentimita 60 kwa 90 ana kazi rahisi: kila mstari mkubwa sentimita 18, kila mweupe sentimita 3. Mistari yote miwili myeupe pamoja ni sehemu moja tu ya kumi ya kitambaa.

Kwa sababu ni myembamba, ndiyo inayoonewa kwanza. Mchoraji wa ukuta huifanya uzi. Kitambaa cha bei rahisi kikifuliwa mara chache, nyekundu huchuja ikaipaka. Haya si makosa madogo. Ukiiondoa nyeupe unapata rangi tatu za chama kimoja kilichoshinda uchaguzi mmoja, na mapatano yaliyowaingiza wengine yanafutika bila mtu kupitisha sheria.

Nyeupe haikumaliza kila kitu. KADU ilivunjwa Novemba 1964 na wabunge wake wakajiunga na KANU, na majimbo aliyoyapigania Ngala yakafutwa. Na zile hati za ardhi zilizolindwa na mkataba wa Oktoba 1963 ziliwaacha Wamijikenda wengi wa ukanda huu wakiitwa maskwota kwenye mashamba waliyolima wazazi wao. Mtu wa Mwakirunge akiambiwa kijani ni ardhi yetu, ana haki ya kuuliza ni ya nani. Kuuliza hivyo si kuikosea bendera heshima. Bendera hii ilipatikana kwa sababu wenye nguvu walikubali kuulizwa na wasio na nguvu, wakabadilisha walichokuwa wamekwisha kukiamua.

Kwa hivyo mwalimu anayewafundisha watoto bendera na aanzie katikati, penye nyeupe. Awaambie ilitiwa na nani, kwa ajili ya nani, na kwa nini. Kamati ya shule inayoagiza bendera mpya ichukue rula, ipime 6 kwa 1, na kitambaa kisichotimiza kipimo kirudishwe dukani. Na kiongozi anayepigiwa gwaride akumbuke kwamba chama kilichokuwa na kura za kutosha kuipandisha bendera yake kilichagua kuikata na kuwapa wengine nafasi. Huo ndio ushindi wa kwanza wa Kenya huru, na unastahili kufundishwa kwa kipimo chake kamili.