Kovu Zuri Si Ushahidi

Mwezi uliopita, harusini Ipinda, meza nzima ilikuwa ikimsifu mpasuaji mmoja kwa sababu mama aliyemtoa rovu amebaki na kovu jembamba kama uzi. Bibi harusi alipoingia, wanawake wote walipiga vigelegele. Mama yule alipiga makofi tu. Chakula kilinishinda.

Kovu ni kazi ya dakika za mwisho. Hata mwanafunzi mwenye mkono mwepesi hulipata. Kazi yenyewe iko kwenye ncha ya juu ya tezi ya thiroidi, ile inayovimba kuwa rovu. Ateri ya juu inashukia hapo kutoka karotidi ya nje, na kando yake hupita neva nyembamba inayoukaza msuli wa krikothiroidi. Neva hiyo ikikatwa, sauti ya mgonjwa haikwaruzi. Anazungumza, anashukuru, anaruhusiwa. Kilichopotea ni sauti ya juu: kwenye kwaya anahamishwa kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili, akinadi vyungu Matema anachoka mapema, na kigelegele hakitoki. Wala hakuna anayemuuliza. Kwangu, asiyemwambia mgonjwa apige kigelegele kabla ya upasuaji, na tena miezi baadaye, hajui amefanya nini.

Marovu makubwa, kama yale yaliyokuwa yakishuka kutoka Ukinga na Rungwe, ndiyo yenye hatari zaidi. Ncha ikipanda, neva hukutwa chini yake, palepale uzi unapotaka kupita. Ateri nayo haifuati kitabu. Kwenye shingo nyingine inachipuka katika karotidi kuu, kabla haijagawanyika. Mlipuaji hubana ncha nzima kwa koleo moja, fundo moja, anakata, na wanaotazama wanasifu kasi. Fundi hufungua nafasi kati ya tezi na msuli, akafunga tawi moja moja likiwa limegusana na tezi. Kwa hariri. Mashine za kuchoma nazijua, lakini uzi hausambazi joto.

Theodor Kocher wa Bern alipewa Nobel mwaka 1909 kwa kazi ya tezi hii. Mimi namheshimu zaidi kwa mwaka 1883, alipowaita wagonjwa wake wa zamani, akawakuta wamezubaa na kuvimba, akatangaza hadharani kwamba kuitoa tezi yote ndiko kulikowaharibu.

Wengine hawamwiti mtu. Nimesoma mafaili yenye sentensi ileile, mgonjwa baada ya mgonjwa: neva zimeonekana na kuhifadhiwa. Shingo hazifanani hivyo! Upande wa kulia, kwa watu wasiofika mmoja kwa mia, neva ya chini ya zoloto hairudi kutoka kifuani. Inatoka kwenye neva ya vagasi na kuingia moja kwa moja, kwa kuwa ateri ya subklavia imechipuka mwisho kwenye tao la aota na kupita nyuma ya umio. Anayeitafuta mahali pa kitabu tu huiona imelala kimkingamo, akadhani ni mshipa wa damu, akaifunga.

Mwalimu wangu, mtu wa Tukuyu, alichora kila shingo kabla ya kutoka chumba cha upasuaji. Alianza kazi kabla chumvi yenye madini joto haijaenea miaka ya 1990, marovu yakiwa mengi na mkono ukikutana na kila umbo. Chumvi imewaokoa watoto wetu, naishukuru. Mikono kama ile hailelewi tena. Alipokuta neva isiyorudi, aliandika kwa wino mwekundu juu ya jalada la faili, ili atakayefungua kifua hicho siku nyingine aijue subklavia ile kabla ya kushika kisu.