Pakueni Tu, Watakula

Kosa la Krismasi ya Kolandoto halikuwa kukosa nyama. Natanguliza hili kwa ajili ya wale wa ukoo walionipigia simu wakitaka niandike kwamba sikukuu bila kuchinja ni uchuro. Hawatalipata humu. Kosa lilikuwa bakuli moja la soya, na amri ya maneno matatu iliyolitoa jikoni.

Video mmeiona. Kaka yangu mkubwa anatafuna, anaacha, anatafuna tena, kisha anapeleka kidole mdomoni kutafuta mfupa ambao haukuwapo. Imezunguka kwenye simu mpaka Geita ikarudi, na mmecheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, hatua tatu kutoka kwa aliyetoa amri, na sikucheka.

Mwenyeji ni binti wa mdogo wangu. Aliolewa na Msabato, na huu ni mwaka wa tisa haweki nyama mdomoni. Kuna waliosema eti dini ya mumewe imemkataza. Si kweli. Wasabato wapo nchi hii tangu 1903, walianzia kule Upare, na wengi wao wanakula ng'ombe na mbuzi bila wasiwasi. Wanachokatazwa ni nguruwe, kambale na wenzao wa Mambo ya Walawi. Kuacha nyama yote kunasifiwa kwao, hakulazimishwi. Huyu aliamua mwenyewe. Na zamu ya Krismasi ilipomwangukia, nyumbani kwake hapo Kolandoto, Shinyanga, aliwaambia wajomba na baba zake mapema: kwangu hakuchinjwi. Wakaitikia. Kuitikia kwa Msukuma si kukubali, lakini hilo nalo alilijua.

Tatizo lilianzia kwenye lugha. Alisema, "Mimi nakula mboga tu." Sasa kwetu, ukiuliza leo mboga ni nini, utajibiwa: nyama. Au sato. Au dagaa. Mboga ni chochote kinachosindikiza bugali. Wazee walimsikia wakaona ni msichana mwenye adabu, asiyekula ugali mkavu. Nusu ya wageni walifika hawajui wamealikwa kula nini.

Hata hivyo meza ilipangwa vizuri, na nitalisema kwa mstari mmoja kwa sababu kazi nzuri haihitaji maelezo: wali wa mpunga wa majaruba yetu ulitoka punje moja moja (na walioagiza wa Kyela kwenye arusi ya Agosti wanajua namsema nani), michembe iliiva bila kurojeka, mgagani aliutuliza uchungu kwa maziwa, na maziwa ya mgando yalitoka kwenye kibuyu, si kwenye ndoo ya plastiki.

Nsansa naipa mstari wa pili. Sitaeleza nsansa ni nini. Asiyejua amuulize mama mkwe wake. Majani ya kunde ya msimu uliopita yalilowekwa tangu jioni, karanga zikatwangwa kwenye kinu siku ileile, na huyu binti alikaa na mwiko mkononi akikoroga mpaka mafuta ya karanga yakaelea juu kama duara za shaba. Wapishi wengi wa siku hizi huepua kabla ya hapo, karanga ikiwa bado mbichi na inanata kwenye ufizi. Yeye alisubiri. Nilifundisha sayansikimu miaka 28 na wanafunzi walionielewa kwenye jambo hilo nawahesabu kwa vidole.

Kwa hiyo saa saba na dakika ishirini mchana, mchezo ulikuwa umekwisha na tumeshinda. Wazee wamekaa chini ya mwembe, maji ya kunawa yamepita. Hapo ndipo mmoja wa wasichana waliokuwa wakipakua akafunua sufuria la pembeni, lile ambalo sikuwa nimeonyeshwa tangu asubuhi.

"Anti, hii nayo tuwaambie ni nini?"

Mwenyeji akatazama kule mwembeni. Akatazama sufuria.

"Pakueni tu, watakula."

Na wakaambiwa waanze na wazee.

Tusimame hapo. Ndani ya sufuria mlikuwa na soya ya pakiti, vile vinundu vya kahawia, vimepikwa kwa kitunguu, nyanya, hoho na bizari ya pilau, vikafanywa vifanane na mchuzi wa ng'ombe. Alitia hata kidonge cha kukolezea, kile chenye picha ya ng'ombe kwenye karatasi yake. Mwanamke asiyekula ng'ombe! Vidonge hivi nimevisema mpaka wahariri wameniomba nipumzike, na nilikuwa nimepumzika, ila sasa vimeingia mpaka kwenye jiko lisilo na nyama kazi yao ikiwa kusingizia nyama. Nitaanza upya.

Ukipika nyama yenye mfupa kwa saa mbili, inautunza mchuzi. Inauachia mafuta, inauachia ule utelezi wa gegedu na mishipa; ndiyo maana supu ikilala usiku asubuhi unaikuta imeganda. Soya ya pakiti ni unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta, ukasukumwa kwenye mashine kwa joto na mgandamizo ukatoka umefura kama sponji. Haina cha kutoa. Kazi yake ni kunywa. Ukiweka mchuzi inaunywa, ukiongeza maji inayanywa, ukiifunika kwenye hotipoti inaendelea kunywa gizani, na mgeni akifunua anakuta vinundu vimevimba juu ya chombo kikavu. Na ugali haumezwi na kitu kikavu. Ugali unataka kuteleza. Kwa nini unadhani babu zetu walipenda mlenda?

Tena aliikamua mara moja tu. Soya hulowekwa kwenye maji ya moto, hukamuliwa, hulowekwa tena, hukamuliwa mpaka maji yatoke meupe, la sivyo harufu ya maharage mabichi inabaki humo na bizari zote za soko kuu haziiondoi. Niliisikia kutoka mlangoni.

Kwa upande wa lishe sina ugomvi. Karibu nusu ya uzito wa soya ile kavu ni protini, somo hilo nimelifundisha mwenyewe kwa chati ukutani. Lakini kaka yangu hakuwa amekuja kutafuta protini. Ana miaka sabini na nane na meno ambayo sitayahesabu hadharani.

Hapa ndipo wachambuzi wenzangu, wale wa "ladha ilipungua chumvi", wanapopotea. Mnyama anayechinjwa sikukuu hana ladha tu, ana viungo, na kila kiungo kina mwenyewe. Kuku ana firigisi, na hakuna mtoto wa Kitanzania asiyejua firigisi ni ya nani. Katika ukoo wetu mbavu ni za kaka mkubwa, paja linakwenda kwa wajomba, na waliopika wana chao jikoni ambacho mwanamume haulizi. Mtu akiwekewa ubavu mbele yake ameambiwa wewe ni nani bila kuambiwa. Soya haina ubavu. Ukikata kinundu cha soya, ndani kuna soya. Kwa hiyo kidole cha kaka yangu mdomoni, ambacho mmekichekea, kilikuwa kinatafuta cheo chake.

Mwenyeji asiyekula nyama anatakiwa aulize nyama hufanya kazi gani pale mezani, kisha aipe kazi ile mikono mingine. Huyu aliuliza nyama inafananaje.

Mama yangu hakuwahi kuuliza hivyo. Desemba 1974, waliokuwapo wanakumbuka: mvua ilikuwa imetutupa, watu wamehamishiwa vijijini na nyumba nyingine bado ni miti mitupu bila udongo, na ugali ulikuwa wa unga wa yanga, wa njano, ukinukia gunia. Wakwe walikuwa wanakuja. Ng'ombe waliobaki walikuwa mifupa inayotembea, na baba alikataa kuchinja. Mama hakutafuta kitu cha kufananisha. Kabla chakula hakijatoka alikwenda mbele ya baba mkwe wa dada yangu, akapiga magoti, akamkabidhi kibuyu kidogo kwa mikono miwili. "Baba, mwaka huu hatukuchinja. Tumewatunzia samli." Basi. Mzee yule ndiye aliyemimina samli, kwanza kwenye chakula chake, halafu kwa kila mtu kwa mkono wake, na aliyemiminiwa nyingi alijua kwa nini na aliyemiminiwa tone alijua pia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikumbuki hata kidogo kwamba hatukula nyama. Nakumbuka mkono wa yule mzee.

Binti wa mdogo wangu alikuwa na samli. Niliiona, kopo zima, kwenye kabati. Aliitumia kwenye wali, jikoni, mtu asione.

Na kama mama yangu ni mbali, Wahindu wa Shinyanga mjini walikuwa karibu. Nilipokuwa darasa la sita, mfanyabiashara mmoja wao aliyefahamiana na baba akatualika arusi ya mwanawe. Watu mia na zaidi, wala hakikuchinjwa hata kifaranga. Sinia lilikuja na puri zimefura, dengu, viazi vya manjano, mtindi uliopikwa ukawa mchuzi mtamu mchachu, na kitamu kikaja pamoja na chakula, hakikusubiri mwisho. Hakuna hata kimoja kilichojifanya nyama. Mfanyabiashara yule alipita mwenyewe akiwawekea wageni mkononi, akigombana nao waongeze. Baba, ambaye alikuwa na zizi, alirudi nyumbani hana neno. Wahabeshi nao, wale wa Orthodoksi, wanafunga nyama na maziwa zaidi ya siku 180 kwa mwaka, na shiro yao ya unga wa dengu ni mchuzi wa kuachia kazi. Wao hawajapata kutafuta kinundu.

Na dengu, jamani, dengu ni za kwetu! Udongo mweusi wa mbuga huku, ule unaoshika matairi Machi, ndio unaozilea kwa unyevu uliobaki mvua zikikata. Tunazivuna, tunazipima, tunaziuza, na nyingi zinavuka bahari mpaka India kwa watu wanaojua kuzifanyia sherehe. Halafu sisi tunakwenda dukani kununua pakiti. Kwenye meza ile ya Kolandoto hapakuwa na punje moja ya dengu. Nilimuuliza baadaye. Alisema, "Shangazi, dengu ni chakula cha kila siku, wangesema nimewadharau."

Nikanyamaza, maana jibu hilo lina akili ndani yake. Hofu yake ilikuwa ya haki. Aliogopa wazee waone wamepewa chakula cha Jumanne. Lakini chakula cha Jumanne kinageuka cha Krismasi kwa jinsi kinavyopelekwa, na hilo shule zimeacha kulifundisha tangu kupakua kulipogeuka kuwa kupanga foleni na sahani mkononi. Niliwahi kukaa meza ya majaji kwenye mji mmoja wa dhahabu, tukampa ushindi mpishi aliyechonga karoti ikawa waridi, wakati mama mmoja alikuwa ameleta matobolwa kwenye ungo na kuyagawa kwa salamu. Kura yangu ilikuwa moja kati ya tano. Sijasahau.

Kilichofuata Kolandoto hakikupigwa video, kwa hiyo nakieleza mimi. Kijana wetu anayechimba Nyarugusu, mwenye fedha mpya na masikio ya zamani, alisikia minong'ono chini ya mwembe. Akapanda bodaboda mpaka njia panda, pale barabara ya Kishapu inapochepuka, na baada ya nusu saa akarudi na mbuzi choma kwenye nailoni. Hakuiweka mezani, ana adabu kuliko anavyovaa. Wanaume wakaanza kuinuka mmoja mmoja kama wanaokwenda kujisaidia, wote wakielekea nyuma ya banda la kuku. Mwenyeji alibaki amesimama na hotipoti. Aliwaona wote.

Nilikwenda nyuma ya banda. Shangazi haulizwi anakwenda wapi. Nikamkuta kaka yangu amekalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nailoni imefunuliwa mbele yake, na hakuna aliyegusa. Akachagua ubavu. Akauvunja. Kipande akampa yule kijana wa Nyarugusu, kipande akampa mjomba, mnofu uliobaki akaunyofoa nyuzi nyuzi akawagawia wajukuu waliokuwa wamejipanga kama vifaranga. Mfupa akabaki nao mkononi. Yeye hakula hata unyuzi; na kwa meno yale, nadhani ni miaka mingi hajala.

Kisha akageuka akaniona.

"Mdogo wangu, ile mboga ya karanga. Imebaki?"

Nilirudi jikoni kutazama. Wasichana walikuwa wameshalikwangua sufuria kwa ukoko wa ugali, na mwenyeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamimina maji mengine kwenye soya.